Hofu ya Takwimu kwa Wanafunzi wa Tiba na Maana Yake kwa Mgonjwa

Kila mwisho wa mwezi, mhudumu wa zahanati nchini Tanzania hufungua vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, akajumlisha yaliyoandikwa humo: wagonjwa wa nje katika kitabu namba 5, wajawazito katika kitabu namba 6, akina mama waliojifungua katika kitabu namba 12. Katika kata ya vijijini kama Mbebe, wilayani Ileje, mkoani Songwe, kazi hiyo hungoja foleni ya wagonjwa imalizike, na mara nyingi anayejumlisha ni yule yule aliyepima, aliyechoma sindano na aliyezalisha. Jumla hizo hupelekwa wilayani, huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa, na huko huungana na jumla za vituo vingine vyote. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo takwimu za afya za taifa zinavyopatikana.

Achukuliwe sasa mwanafunzi wa udaktari, wa kufikirika tu, aliyezaliwa Mbebe na kukulia karibu na zahanati ya namna hiyo. Amefaulu Baiolojia, amefaulu Kemia, anatamani kurudi kuwatibu watu wa kwao. Lakini siku ratiba ya chuo inapoonyesha somo la takwimu za afya, moyo humwenda mbio. Huketi nyuma ya ukumbi, hunakili kanuni asizozielewa, na huomba kimya kimya mhadhiri asimtaje jina. Namba zilizotoka katika vitabu vya zahanati ya kwao zimemrudia zikiwa zimevaa sura ngeni, naye hazitambui.

Makala haya yanaeleza hofu hiyo ni nini, hutoka wapi, na kwa nini si jambo la mwanafunzi peke yake. Mganga asiyeweza kusoma namba hawezi kumweleza mgonjwa wake ukweli wote kuhusu ugonjwa, kipimo wala dawa.

Hofu ya takwimu ni nini?

Wataalamu wa elimu wameichunguza hofu hii kwa miongo kadhaa. Mwaka 1985, watafiti wa Marekani Cruise, Cash na Bolton walitunga hojaji ya maswali 51 ya kuipima, ambayo bado hutumika katika nchi nyingi. Hojaji hiyo huitenga hofu katika mafungu sita: kuliona somo halina thamani, kuogopa kufasiri matokeo, kuogopa darasa na mtihani, kujiona huna uwezo wa kukokotoa, kuogopa kuomba msaada, na kumwogopa mwalimu wa somo.

Mafungu hayo yanafunza jambo muhimu. Hesabu yenyewe imechukua sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa inahusu aibu, mahusiano na watu, na swali la iwapo somo lina maana yoyote katika maisha ya mwanafunzi. Ndiyo maana mwanafunzi hodari wa kukokotoa dozi ya dawa kwa uzito wa mtoto anaweza kutetemeka mbele ya jedwali la matokeo ya utafiti.

Wanaotetemeka si wachache. Katika mapitio yao ya mwaka 2003, Onwuegbuzie na Wilson walieleza kuwa kati ya theluthi mbili na nne ya tano ya wanafunzi wa shahada za juu huonekana kuwa na kiwango cha hofu ya takwimu kinachowasumbua. Makadirio hayo yalitokana hasa na vyuo vya Marekani, lakini mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyedhani yuko peke yake ana haki ya kuyajua.

Hofu hiyo hudhuru kwa njia inayoeleweka. Akili ina sehemu inayoshika mambo kwa muda mfupi wakati mtu anapoyafanyia kazi, kama mkono unaoshika kisu wakati wa kumenya viazi. Utafiti wa Ashcraft na Kirk wa mwaka 2001 kuhusu hofu ya hisabati ulionyesha kuwa wasiwasi huichukua nafasi hiyo. Mwenye hofu anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anatafuta jibu, na papo hapo anapambana na sauti ya ndani inayomwambia kwamba hataweza. Akikosea, hudhani amethibitisha kuwa hana akili ya namba, na mara ijayo hofu huwa kubwa zaidi.

Hofu hiyo hutoka wapi?

Nchini Tanzania, chanzo kimoja kinajulikana kwa kila mzazi. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 2023 takriban robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu. Watoto wengi humaliza shule wakiwa wameshajihukumu. Hata wale wanaoendelea kidato cha tano kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambao ndio mlango mkuu wa kuingilia vyuo vya tiba, wengi wao huona wameagana na hisabati. Wanapoikuta tena chuoni, huona kama wamedanganywa.

Chanzo cha pili ni lugha. Mtoto wa Ileje anaweza kuanza maisha kwa Kindali au Kilambya, akajifunza kuhesabu shuleni kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza akafundishwa kwa Kiingereza. Somo la takwimu nalo lina mazoea ya kuchukua maneno ya kawaida na kuyapa maana nyingine. Neno ambalo mtaani lina maana ya jambo zito, katika takwimu huwa na maana tu kwamba matokeo kama hayo yasingetarajiwa kutokea mara kwa mara kwa bahati. Neno lenye maana ya kosa halimlaumu mtu yeyote, bali hutaja tofauti isiyoepukika kati ya sampuli na jamii nzima. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno hupotea, naye hudhani kilichompoteza ni hesabu.

Chanzo cha tatu ni namna ya kufundisha. Mara nyingi somo huanza na kanuni na kuishia katika kanuni, na data zinazotumiwa hutoka katika vitabu vya nchi za mbali. Mwanafunzi hujifunza kubofya programu ya kompyuta na kunakili jibu. Afikapo mwaka wa utafiti, baadhi humtafuta mtu wa kuwachambulia data kwa malipo, kisha husimama mbele ya watahini wakitetea namba wasizozielewa. Kufaulu mtihani pekee hakuondoi tatizo. Mwaka 2012, Schau na Emmioğlu walichapisha uchunguzi wa kozi za utangulizi wa takwimu katika vyuo vya Marekani, wakaona kuwa mwisho wa muhula mwelekeo wa wanafunzi kuhusu somo kwa jumla ulikuwa haujaboreka, na kwamba walilithamini kidogo zaidi ya kushuka chini ya pale walipoanzia. Mtu anaweza kufaulu takwimu na bado akatoka ameichukia.

Kwa nini macho ya daktari hayatoshi?

Wanafunzi wengi wa tiba hujifariji kwa hoja moja: daktari anatibu mtu, hatibu namba. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini tukio moja la Afrika Mashariki linaonyesha mpaka wake.

Mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, mikono na miguu ikiwa ya baridi na mapigo ya moyo yakienda mbio, katika nchi tajiri alikuwa akiongezewa kwa kasi kiasi kikubwa cha maji kupitia mshipa. Utaratibu huo ulifundishwa kuwa huokoa maisha, na aliyeutumia aliona kwa macho yake mtoto akipata nafuu. Kuanzia mwaka 2009, utafiti uitwao FEAST uliupima katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Hospitali Teule ya Muheza. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa maji hayo ya haraka, wengine wakapewa huduma nyingine zote isipokuwa hayo.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia, watoto 3,141 wakiwa wameandikishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, walikuwa wamefariki takriban watoto 10.6 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka yenye albumini, 10.5 katika kila 100 waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 katika kila 100 ambao hawakupewa. Dalili za mshtuko ziliondoka mapema zaidi kwa waliopewa maji, lakini waliokufa miongoni mwao walikuwa wengi zaidi.

Tofauti hiyo ni ya watoto watatu hivi katika kila 100. Hakuna daktari, hata awe na uzoefu wa miaka 30, anayeweza kuiona kwa macho wodini, kwa kuwa kila siku watoto hupona na wengine hufa kwa sababu nyingi. Ilionekana kwa sababu watu walihesabu kwa utaratibu.

Tukio hilo hufunza pia kuuliza ni nani waliochunguzwa. FEAST haikuwahusisha watoto wenye utapiamlo mkali wala wenye kuhara. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara bado anahitaji kurudishiwa maji kwa mujibu wa mwongozo wa tiba. Anayesoma namba bila kuuliza zimetoka kwa nani anaweza kudhuru sawa na asiyezisoma kabisa.

Namba moja na mipaka yake

Mfano wa pili unahusu vifo vya uzazi. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2010 ulikadiria vifo 454 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2015-16 ukakadiria vifo 556. Anayetazama namba hizo mbili peke yake atasema vifo viliongezeka kwa zaidi ya 100, na pengine atamtafuta wa kulaumiwa.

Lakini tafiti hizo huhoji sampuli ya kaya, hazihoji kila kaya, kwa hiyo kila kadirio huja na mipaka yake. Kadirio la 2010 lilikuwa na mipaka ya 353 hadi 556. La 2015-16 lilikuwa na mipaka ya 446 hadi 666. Kama utafiti ungerudiwa mara nyingi kwa njia ile ile, mipaka ya namna hiyo ingeufumbata ukweli takriban mara 95 katika 100. Mipaka ya miaka hiyo miwili inapandana kwa sehemu kubwa, hivyo tafiti hizo hazikutosha kuthibitisha kuwa vifo viliongezeka. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104, namba iliyo chini sana ya mipaka hiyo yote.

Somo hapa ni unyenyekevu. Mwanafunzi huogopa takwimu akidhani inamdai jibu moja lisilo na shaka, kumbe kazi yake kubwa ni kutaja ukubwa wa shaka. Katika utabibu, ambako kila siku watu hulazimika kuamua bila kuwa na hakika kamili, hakuna ujuzi unaofaa zaidi ya huo.

Daftari lililobadili tiba ya kifua kikuu

Huenda mwanafunzi akadhani takwimu ni mali ya maprofesa na kompyuta. Historia ya Tanzania inasema vingine. Mwaka 1977 nchi ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, kwa ushirikiano na shirika la kimataifa la kupambana na kifua kikuu, chini ya ushauri wa Dkt. Karel Styblo. Miongoni mwa nguzo za mpango huo lilikuwa daftari la wilaya. Kila mgonjwa aliandikwa. Kila robo mwaka, kundi la walioanza dawa kwa pamoja lilifuatiliwa, likahesabiwa: wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wameacha dawa, wangapi tiba imewashinda.

Hesabu iliyohitajika haikuzidi kugawanya na kuzidisha kwa 100. Hata hivyo, ilimwezesha mratibu wa wilaya kujua mahali wagonjwa wanapopotelea na kwenda kuwatafuta. Katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani liliutumia uzoefu huo wa Tanzania na nchi nyingine kuunda mkakati wa DOTS, uliosambaa duniani kote. Wahudumu wa wilaya za Tanzania walikuwa wamefanya takwimu za hali ya juu kwa kalamu na daftari.

Nini humsaidia mwanafunzi?

Kwanza, data za nyumbani. Mwanafunzi wa Mbebe aliyetajwa mwanzoni apewe, badala ya kanuni, swali hili: zahanati moja ilizalisha watoto 60 mwaka jana, watatu wakiwa na uzito chini ya gramu 2,500, mwaka huu imezalisha 60, sita wakiwa na uzito huo. Je, hali imekuwa mbaya maradufu? Darasa likibishana, wazo la bahati litazaliwa lenyewe, kwani kila mtu anaelewa kuwa watoto watatu zaidi wanaweza kutokea kwa nasibu katika idadi ndogo hivyo. Kanuni ikija baada ya hapo, inakuja kujibu swali ambalo tayari wanalo.

Pili, maneno kabla ya alama. Mhadhiri anaweza kumtaka mwanafunzi aeleze kila jibu kwa Kiswahili chepesi, kama anayemweleza mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki. Asiyeweza kulieleza hajalielewa, hata kama programu ya kompyuta imempa namba sahihi.

Tatu, kuondoa aibu ya kuuliza. Mafungu mawili kati ya yale sita yanahusu kuogopa kuomba msaada na kumwogopa mwalimu. Vikundi vidogo vya kusomea, saa maalumu za kumwona mhadhiri, na mhadhiri anayekiri mbele ya darasa kuwa naye dhana fulani ilimsumbua, huweza kupunguza hofu hiyo kuliko zoezi la ziada. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga.

Nne, mwanafunzi mwenyewe aache kusema hana akili ya namba. Ustadi wa kusikiliza mapafu haukuja siku ya kwanza. Mara nyingi alisikia kelele tupu kabla ya kutambua mkwaruzo. Takwimu nayo hujifunzwa kwa kurudia.

Mhudumu na mgonjwa wanahusikaje?

Kwa mhudumu wa zahanati, kila mstari wa kitabu cha MTUHA ni mwanzo wa hesabu itakayofika mbali. Mahitaji ya dawa na chanjo hukisiwa kwa kutazama kumbukumbu za miezi iliyopita. Namba iliyobuniwa jioni kwa sababu ya uchovu inaweza kumaanisha upungufu wa dawa miezi kadhaa baadaye, na atakayerudishwa mikono mitupu ni jirani yake. Uongozi nao una wajibu: mhudumu anayedaiwa namba bila kurudishiwa maana yake hawezi kuzipenda. Grafu ya chanjo iliyobandikwa ukutani, ikajadiliwa na wahudumu wenyewe, humwonyesha kuwa hakuandika bure.

Kwa mgonjwa, mfano wa kipimo unatosha. Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kuwa watu 1,000 wamepimwa ugonjwa fulani, na 10 kati yao wanao. Kipimo kinawagundua wote 10. Lakini kati ya 990 wasio nao, kinawataja 10 kimakosa. Waliopata jibu la kuwa nao ni 20, na nusu yao hawaumwi. Kipimo si kibovu. Kimekosea kwa mtu mmoja tu katika kila 99 wasio na ugonjwa. Hii ndiyo sababu katika upimaji wa Virusi vya Ukimwi nchini Tanzania, jibu la kwanza la kuwa na maambukizi huthibitishwa kwa kipimo kingine kabla ya mtu kuambiwa kuwa anayo. Mhudumu anayeielewa hesabu hii humtuliza mteja kwa ukweli. Asiyeielewa ama humtisha bure, ama humfanya aamini kuwa vipimo vyote ni vya kubahatisha.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza maswali matatu anapoambiwa kuwa dawa au kipimo ni kizuri. Katika watu 100 wenye hali kama yake, wangapi hunufaika? Wangapi hudhurika? Na ingekuwaje kama wasingetumia? Maswali hayo hayahitaji kisomo kikubwa, na majibu yake ndiyo takwimu.

Siku mwanafunzi yule atakaporudi Ileje akiwa daktari, atakutana na maswali hayo matatu kutoka kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Mezani kutakuwa na kitabu namba 5, kurasa zake zimejaa mwandiko wa mtu aliyechoka. Akiwa ameishinda hofu yake, atakifungua na kukisoma, naye mama atapata jibu.